Mzee wa Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke kwetu. Nilitoka na begi moja na kamusi. Kamusi ingali nzima, begi lilishakufa.

Leo mama mwenye nyumba ametundika pazia katikati ya chumba changu. Eti ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Kikubwa! Nikinyoosha mguu kitandani, kidole gumba kiko mezani.

Jioni dalali akaleta vijana wawili, mke na mume, waione nusu ya pili. Nilikuwa nasoma, sikuinuka. Wakanong'onezana: ona palivyotulia. Wakapandisha bei wenyewe, bila kuombwa! Dalali akanitazama kama fundi aliyeokota msumari mzuri njiani.

Jumatano, 5 Machi
Dalali amerudi, mpole ajabu. Ana fleti ghorofa ya tisa, jengo linalotazamana na letu. Haiuziki. Watu wanaingia, wanaona kuta nyeupe, wanatoka.

"Mzee wangu, wewe ukae tu pale kwenye kiti, usome. Watajua ni nyumba ya watu."

Nikiulizwa mimi nani? Baba wa mwenye mali. Lakini nisitie neno, nitaharibu.

Nimekubali. Kule kuna jua, na nafasi ya kunyoosha miguu yote miwili.

Alhamisi, 6 Machi
Vitabu vya rafuni ni maboksi yaliyochorwa migongo. Matunda ni ya plastiki — bwana mmoja ameng'ata tofaa, akalirudisha taratibu, akaendelea kulisifia jiko. Mimi nikafunua ukurasa. Kitoto cha kike kikanigusa shavu.

"Mama, huyu wa kweli!"

"Kila kitu humu ni cha kweli, bibie," dalali akamwambia mama yake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeharibu. Lifti mbovu, akaingia mama mjamzito anahema, mumewe nyuma yake. Mtu kapanda ngazi zote zile, nami nimkodolee macho kama kabati? Mdomo haukuningoja. Nikainuka: karibuni, karibuni sana, keti hapa mwanangu, hapa ni kwenu. Nikamletea maji. Nikamuuliza kwao hawajambo, safari ya mtoto inaendeleaje. Dalali alikuwa ananikonyeza mpaka jicho likachoka.

Yule mama akalia. Akasema tangu waanze kutafuta nyumba, hakuna aliyewahi kuwaambia karibu. Mumewe akapandisha bei mwenyewe — dalali akashika ukuta.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mwenye nyumba anaitaka na nusu yangu. Nihame kabla ya Ijumaa.

"Si roho mbaya, baba. Mtaa umepanda! Kuna fleti hapo mbele inagombaniwa, wanasema ina mzee wa heshima ndani. Basi na sisi huku tumepanda."

Nikamwambia mzee huyo ni mimi.

"Acha utani, baba. Yule ana nyumba."

Nikampigia binti yangu, kule kwetu. Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu anaipangisha chumba kwa chumba kwa wageni wapitaji. Bila hivyo, na yeye angekuwa nje. Huko nako bei zimeota mbawa.

"Rudi tu, baba! Utalala sebuleni. Ila alfajiri uwe umekunja godoro, wageni wasikukute." Akaongeza: "Chumba chako ndicho wanachokipenda kuliko vyote."

Nikamwambia nitafikiri. Nilijenga dirisha la chumba kile likitazama mashariki, na sikupata kulichoka.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa kwenye kiti, ghorofa ya tisa. Nguo zangu zimo kwenye kabati la maonyesho. Wanunuzi, yule mama mjamzito na mumewe, wamekuja kutia sahihi, lakini wana sharti: mzee abaki. Dalali anaapa kwamba tangu mwanzo nilikuwemo ndani ya bei. Mume anauliza, kwa adabu, kama nakoroma. Mke anatafuta pa kuweka kitanda cha mtoto. Anamuuliza dalali — si mimi — kama babu anaweza kusogezwa kidogo upande wa kushoto. Nataka kuinuka. Hapana, hapana, babu, usijisumbue! Wamekishika kiti huku na huku, wananinyanyua nacho, kalamu inaruka —

Simu inalia mfukoni. Binti yangu, anataka kujua kama anunue godoro. Nitamjibu wakishaniweka chini.

Asinunue. Sitarudi kwetu.