Samaki Niliyemrudisha Majini Mara Tatu

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi na mvua haijashuka. Mto Kuja umejaa maji ya udongo na makapi ya miwa kutoka huko juu. Hewa imesimama, hata majani ya migomba hayachezi.

Mimi mlango wa shule sikuuona. Naongea, simu inaandika, ikikosea shauri yake. Lakini leo naomba iandike vizuri, maana mikono yangu inanuka samaki na moyo haujatulia.

Nianzie Uskoti, nilikokwenda kumwona binti yangu Akinyi na mjukuu wangu mchanga. Mume wa Akinyi ni mzungu, mtu mpole, nampenda, ila adabu ya mkwe haijui. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi bega kwa bega. Yule alinipeleka mtoni, akanipa fimbo ya kuvulia, akaweka kiti chake kando ya changu. Nikasogea. Naye akasogea, akidhani sisikii vizuri. Tulisogea hivyo mpaka nikabaki hatua moja niingie majini.

Akavua samaki mnene wa madoadoa. Mimi tayari natafuta kwa macho mahali pa kumparia. Yeye akamtoa ndoano polepole, akamshika ndani ya maji mpaka apate nguvu, akamwachilia aende.

"Akinyi," nikasema, "muulize mumeo huyo samaki amemkosea nini."

Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba wao huvua kwa raha tu, na samaki hurudi kwao. Niliona ni ujinga mtupu. Siku ya tatu nikavua wangu, nikamwachilia, na nilipomwona akizama nikahisi kifua kimefunguka. Sikuwa nimehisi hivyo kwa miaka sita. Nilirudi nyumbani na fimbo ile, zawadi ya mkwe.

Hiyo miaka sita ni ya Odongo, mume wangu.

Odongo alikuwa fundi wa baiskeli, wala si mvuvi. Kila Alhamisi alifunga kibanda, akashuka Kuja na ufito wake wa kuvulia, akakaa juu ya jiwe bapa na kushinda hapo akiangalia maji. Siku moja mto ulipanda ghafla. Ufito tuliukuta umenasa kwenye matete. Yeye hatukumkuta. Wanaume walimtafuta mpaka kule mto unapoingia ziwani.

Basi tukafanya kama inavyofanywa kwetu kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Tukakata tunda la yago, lile refu, zito kama paja la mtoto, tukalizika mahali pake. Nimelililia tunda. Nimefagia kaburi la tunda.

Sijaamini hata siku moja kwamba amelala pale.

Tangu nirudi kutoka Uskoti, kila Alhamisi nashuka na fimbo ya mkwe hadi kwenye jiwe lile lile. Alhamisi ya kwanza nilivua mumi, samaki yule wa sharubu. Sharubu yake moja ya kushoto ilikuwa imekatika karibu kabisa na mdomo. Nikamwachilia kama nilivyofundishwa. Min Atieno, yaani mama wa Atieno, jirani yangu ambaye hufua hapo chini kidogo, aliacha kusugua akaniangalia kama mtu aliyemwaga ugali kwa makusudi.

Alhamisi ya pili, mumi. Sharubu ya kushoto imekatika. Nikajiambia mto una mumi wengi.

Alhamisi ya tatu, yeye tena. Hakupigana. Alikuja taratibu juu ya maji mpaka miguuni pangu, akavuta hewa. Mumi huvuta hewa, hilo nalijua tangu utoto. Lakini huyu alivuta kama mtu aliyetembea mbali, akafika, akakaa. Nikamrudisha upesi. Njiani sikugeuka nyuma.

Leo nilitaka kubaki nyumbani. Miguu ikashuka yenyewe.

Mtoni hakukuwa na ndege hata mmoja. Nilikuwa sijakaa sawasawa pale mshipi ulipovutwa mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha mlango anaoujua. Sikuhitaji kutazama sharubu. Nilitazama hata hivyo.

Min Atieno alipanda na povu mikononi, akainama juu yake muda mrefu.

"Ni yule?"

"Ni yule."

"Min Akinyi, unaletewa, unarudisha. Unaletewa, unarudisha. Hata mimi ningechoka."

Nikamwambia aende akafue mashuka yake. Akaenda. Lakini wimbo aliokuwa akiuimba hakuuendeleza.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Akinyi, ukilisoma hapa, usinipigie simu ukilia, nina kazi ya kutosha.

Asubuhi ile ya mwisho nilimkemea baba yako. Nyumbani hakukuwa na kitoweo, na yeye anatafuta minyoo huku akipiga mluzi. Nikamwambia, "Kila Alhamisi unashinda mtoni na unarudi mikono mitupu. Leo usirudi hapa bila samaki."

Alicheka. Akasema, "Sawa, mama." Akaenda.

Odongo alikuwa mtu wa kushika neno.

Nilisimama pale kwenye jiwe na mumi miguuni, maneno ya Min Atieno yakinizunguka kichwani, nikahesabu Alhamisi zangu. Mara tatu ameletwa samaki. Mara tatu mimi mwenyewe nimemtupa majini na kwenda zangu, na raha yangu ya Uskoti kifuani.

Nikamfunga kwenye leso, nikamkumbatia. Hakurusha mkia. Nilipita njia aliyopenda Odongo, ile ya kibandani, ingawa ni ndefu. Jikoni nilimwomba radhi kabla ya kushika kisu. Kisha nikampika kwa nyanya na chumvi, mchuzi mwepesi kama alivyopenda, nikasonga ugali mkubwa kuliko ninaouweza.

Nimepakua sahani mbili. Ya kwake nimeiweka mbele ya kigoda chake, nami nikakaa nikiupa mlango mgongo, kwa sababu sina ujasiri wote mnaodhani ninao. Jua lilikuwa halijazama. Kuku waliokuwa kizingitini wakaondoka wote pamoja, bila kelele.

Nikasikia mtu akivuta hewa mlangoni. Kama mtu aliyetembea mbali.

Sikugeuka. Nilisema tu, "Ingia, chakula kinapoa. Na lile neno nililokuambia, nimeliondoa."

Nimekula changu chote. Sahani yake nimeifunika, sitaifunua mpaka asubuhi.

Alhamisi ijayo nitashuka tena na fimbo ya mkwe, nikae juu ya jiwe. Nikishinda hapo mpaka jioni bila mshipi kuguswa, nitarudi mikono mitupu, nikipiga mluzi.