Niliwatangazia Watapumzishwa, Wakanipigia Makofi

Mshauri mpendwa, kabla hujaanza kusoma kaa vizuri, kwa sababu barua hii haijatoka kwa mtu wa hivi hivi. Mimi ndiye msimamizi wa ukumbi wa kushonea katika kiwanda cha sare kilichovisha nusu ya walinzi na wanafunzi unaowaona barabarani, nikikohoa tu cherehani sitini zinasimama, kila mtu ananiita Mjomba, hata mkurugenzi ananiita Mjomba, na cheo hiki sikukipata kwa kujuana, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, lakini mgeni rasmi mmoja aliwahi kuchanikiwa suruali pale kwetu katikati ya hotuba nami nikaishona akiwa ameivaa, anaendelea kuongea, sindano hakuisikia, na hotuba ikashangiliwa. Kwa hiyo naomba msaada, ila uelewe ni msaada wa mkubwa kwa mkubwa.

Jumatatu mkurugenzi aliniita ofisini kwake, kule juu kwenye kioo anakotuangalia kama samaki. Akanifungia mlango mwenyewe, akanikaribisha kiti kile cha kuzunguka, nikazunguka kidogo.

"Mjomba," akasema, "bodi imekaa. Mashine ya vifungo inakuja mwezi ujao. Nataka majina ya watu watano wa kupumzishwa kuanzia tarehe mosi. Wewe unawajua kuliko mimi."

"Watano tu?" nikamwambia.

Akatoa macho. "Kwani wewe ulitaka wangapi?"

"Mimi ningepumzisha hata ishirini," nikasema, na hapo nikaona kabisa mwenzangu ameogopa, amegundua anaongea na dume la uongozi. Akanisogezea karatasi na kalamu yake, ile nzito. Dakika tano, majina matano, sikufuta hata moja, wakati yeye na shahada zake zote alishindwa wiki nzima.

Nilichagua kwa hekima. Nilimwandika Mzee Pasi, ambaye amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi miaka kumi na tisa mpaka miguu imevimba, siku hizi anavaa viatu bila kufunga kamba. Nikamwandika Mama Vifungo, mjane, watoto watatu, hajawahi kukosa kazini hata siku aliyong'olewa jino. Nikamwandika mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ana mtoto wa miezi minne na analala juu ya cherehani kama amepigwa. Na nikamwandika Mkasi, mkata vitambaa wetu, kidole gumba chake kimekakamaa hakikunjiki tena, anashikia chai kwa viganja viwili.

Kesho yake wakati wa chai nikapanda juu ya robota la kitambaa, nikatangaza. "Ndugu zangu, wafuatao watapumzishwa kuanzia tarehe mosi." Nikasoma majina. Mshauri, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama Vifungo alinifuata na machozi. "Mjomba, Mungu akuweke. Miaka kumi na moja sijapumzika hata siku ya kuumwa." Mzee Pasi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ya moto kama kawaida yake. Wengine wakaanza kununa kule nyuma. "Na sisi je? Kila kitu kizuri ni kwa mpwa wake!" Mmoja wa upande wa mashati akaropoka, "Hata mimi mgongo unauma, Mjomba, au mpaka nioe dada yako?" Watu wakacheka. Nikawaambia watulie, zamu yao itafika.

Jioni dada yangu akanipigia simu. "Kaka, leo umenifuta machozi. Nilikuwa nasema mtoto huyu atakufa na kazi."

Jumatano karani wa mkurugenzi akanisimamisha kwenye korido, amekumbatia faili. "Mjomba, wewe una roho ngumu. Hata mpwa wako? Napiga chapa barua zao za kuachishwa kazi."

Nikamwambia, "Uongozi ndio huo, mama." Nikaenda chooni nikakaa nikiangalia mlango mpaka kengele ya kutoka ikalia.

Sasa wamebakiwa na siku kumi na moja na hakuna anayejua, maana barua wanapewa siku ya mwisho getini. Mama Vifungo anapanga kwenda kumuuguza mama yake kisha "arudi na nguvu". Na jana Mkasi amenichekesha, au alidhani amenichekesha. Karakana ya makoti nyuma ya kituo cha mafuta wanatafuta mkata vitambaa, wamemfuata mpaka nyumbani, akawakatalia. "Niende wapi, Mjomba, na mimi kazi ninayo, napumzika tu?" Wamempa mpaka Ijumaa ijayo abadili mawazo, baada ya hapo wanachukua mwingine. Nikacheka naye. Nilicheka sana kuliko yeye.

Swali langu ni hili, mshauri: kiongozi akishatoa tangazo kwa neno la upole, maana mimi ni mtu wa maneno ya upole, anaweza kulirudia tangazo hilo kwa neno jingine bila heshima yake kushuka? Watu wananiamkia sasa kuliko zamani. Asubuhi nakuta kiti changu kimefutwa vumbi.

Wako, Mjomba wa Ukumbi Mzima

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba, barua yako imefika Jumatano. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili niliruka sifa, ikaisha upesi. Nimepiga namba uliyoandika, hupokei. Basi nakujibu hapa hapa, gazeti la Alhamisi, mbele ya watu, na kama Mkasi analisoma gazeti hili mimi nitashukuru.

Unauliza kuhusu heshima yako. Sina muda nayo. Kuna mtu mwenye kidole kimoja kibovu na kazi moja mkononi, na kazi hiyo inaondoka kesho, na wewe unacheka naye.

Nianze na wakubwa zako, maana huu mzigo si wako peke yako na sitakutwika wote. Bodi iliamua. Mkurugenzi akatamka. Wewe ukaandika. Karani akapiga chapa. Watu kibao mmeshika kisu kimoja na hakuna hata mmoja anayesema amekata. Mashine inakuja, sawa, pengine kiwanda hakiponi bila hiyo. Kuna maamuzi machungu na lazima mtu ayafanye. Lakini anayeyafanya ateremke toka kwenye kioo, asimame pale kwenye cherehani, awaambie watu kwa nini wao na si wengine. Huyu wako alitafuta neno laini, akatafuta mtu wa kulibeba, akafunga mlango. Na barua za kupewa getini siku ya mwisho ni woga mtupu, hata zikipigwa muhuri mara kumi. Mtu aliyepumzishwa hurudi kazini. Hawa hawarudi. Neno lao ni kuachishwa kazi, na hata mtoto akiachishwa ziwa hudanganywa kidogo tu, si siku kumi na moja.

Sasa wewe. Nimeitazama orodha yako mpaka imenikera. Mgonjwa wa miguu, mjane, mzazi, na mwenye kidole kibovu. Anayejua maana ya neno lile na bado akaandika majina hayo ni katili. Lakini katili haandiki barua ndefu namna hii, wala hakai chooni mpaka kengele. Kuna kitu hujaniambia, na kitu hicho unakijua.

Kingine. Umesema majina matano. Nimehesabu wanne.

Ukishamaliza kusoma mstari huu, kunja gazeti, mtafute Mkasi popote alipo. Usipande juu ya robota. Mkalishe, umwambie: umeachishwa kazi, jina lako niliandika mimi, nenda karakana ya makoti leo hii. Akikutukana, nyamaza. Akikupiga, nyamaza pia. Halafu wengine, mmoja mmoja, na mpwa wako umwambie akiwa na mama yake ili dada yako asilisikie kwa jirani. Halafu panda kule kwenye kioo, usizunguke kwenye kiti, simama. Mwambie mkurugenzi orodha ile imeandikwa vibaya na umeiandika wewe, ipangwe upya kwa kipimo ambacho kila mtu ukumbini anaweza kukisoma, na safari hii atangaze yeye. Atakataa, huenda. Mwambie hivyo hivyo.

Na heshima yako itashuka, ndiyo. Ulidhani itabaki?

KARATASI TULIYOPOKEA WIKI ILIYOFUATA

Mshauri, nimefanya. Mkasi sikuweza kumpata Alhamisi, nilimpata Ijumaa asubuhi kwenye meza ya kukatia. Nilimwambia kama ulivyosema. Aliuweka mkasi chini taratibu, akavua aproni, akaikunja vizuri kama anaiuza, akatoka. Kazi kaipata, nimesikia kwa watu. Yeye hajaniambia kitu na sidhani kama ataniambia.

Mzee Pasi aliuliza tu kama barua ina muhuri. Mpwa wangu alimpa mama yake mtoto ashike, akaingia ndani, mlango haukufunguliwa tena, na dada yangu akaniambia, "Kaka, nenda kwako." Mama Vifungo ndiye alinimaliza. "Ungeniambia hata kwa ishara, Mjomba, nisipige makofi mbele za watu."

Mkurugenzi amesema bodi haikai mara mbili. Orodha inabaki. Ila alinishika bega, akasema amewasimulia wakubwa habari zangu, kwamba katika maisha yake hajaona msimamizi wa namna hii, aliyeambiwa ataje watu akaanza na yeye mwenyewe.

Wa tano ni mimi. Karani aliniambia palepale kwenye korido, "hata wewe mwenyewe?", hilo sikukuandikia. Nilijiandika wa kwanza, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini. Mkurugenzi anadhani nilijitoa kafara, na kiwandani wameanza kuisimulia hivyo, nami sijawasahihisha. Ila wewe umenihesabia majina, basi nikwambie. Lile neno sikulijua. Nilidhani ni likizo, nikawagawia niliowapenda, na mimi nilikuwa nimechoka.