Mama Alisema Niandike Homa

Xieng Khouang, Laos
Machi 1969

Kaka Khamsing,

Natumaini u mzima huko uwanja wa ndege. Sisi bado tunaishi pangoni. Naandika huku nikisikiliza angani, ndiyo maana mwandiko umepinda. Nyati wetu wa kulimia amezaa. Wali tunaupika kukiwa na ukungu, marubani wasione moshi.

Ulipotuandikia kwamba Wamarekani wamekupa kazi ya kupakia mabomu kwenye ndege, mama alicheka. "Huyo? Hata kuku alikuwa anamponyoka mikononi!" Kisha akaenda mlangoni mwa pango kutazama angani.

Wiki iliyopita alishuka mtoni kuosha mboga, zikaja ndege mbili. Nilimbeba mpaka pangoni, nikaona hatapona. Akanishika mkono.

"Sengdao, usimwambie kaka yako. Mwandikie kwamba nina homa tu."

"Lakini mama, huenda mabomu haya kayapakia yeye!"

"Ndiyo maana nakukataza, mwanangu."

Alikata roho kabla ya jua kuzama. Tumemzika kando ya mto.

Mara tatu nimeanza barua hii nikiandika homa, na mara tatu nimeichana. Sijui kama ni mabomu yale uliyoyashika wewe, nawe hutajua kamwe. Sikuandikii ili nikulaumu. Wanakijiji wanahamia pango la mbali mwezi ukiandama, na baba hawezi kutembea. Acha kazi hiyo, kaka, uje tumbebe. Peke yangu simwezi.

Mdogo wako,
Sengdao