Magugu ya Shamba la Chini

Baba,

Nakuandikia ndani ya treni, daftari likiwa gotini, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa. Tangu tukuzike sikai. Nikitoka zamu huku ughaibuni, kule Northfield ninakowatunza wazee, nasugua jiko ambalo tayari ni safi, kisha nalisugua tena.

Mwanao Wafula anataka jibu leo, alime au asilime. Kumbukumbu yako ya mwaka mmoja ni wiki ijayo, na shamba la chini, lile uliloniachia mimi kando ya mto, halijaguswa na jembe tangu ufariki. Nyasi zimefika kiunoni. Majirani wanasema mzee alikufa na shamba lake. Trekta inakuja Jumatatu, lakini Wafula hawezi kulima udongo wa dada yake bila neno lake.

Mwaka jana ningemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba shamba chafu ni aibu ya mwenye nyumba. Unakumbuka ulivyonirudisha kung'oa gugu moja tu la sangari nililoliruka, nikiwa tayari nimevaa gauni la kanisani? Nilikununia mpaka jioni.

Sasa nikuambie ninakokwenda, na usicheke. Huku Sutton Coldfield kuna shamba lililolimwa ngano miaka na miaka, na sasa wenyewe wanalirudisha kuwa pori. Ndiyo, makusudi. Wanaziba mitaro ili maji yatuame badala ya kuteremka kwa kasi mpaka kwenye nyumba za watu. Wanapanda miti ya kienyeji na kuacha maua yaote kwa ajili ya nyuki. Kila Jumamosi mtu yeyote anaweza kwenda kusaidia, nami nilikwenda kwa sababu mikono ilikuwa inaniwasha.

Siku ya kwanza nilikwenda na akina mama watatu wa ushirika wetu wa Wakenya. Tukaonyeshwa kipande chenye miche michanga, tukaambiwa tuondoe miiba inayoisonga. Baba, tulipalilia. Tulipalilia kama tulivyolelewa, tukiimba, mpaka ukabaki udongo mtupu. Helen, mama anayesimamia kazi, alipofika aliinama akaokota mmea mmoja tuliong'oa. Yale tuliyoyadhania magugu yalikuwa maua waliyoyapanda kwa mbegu na kuyasubiri tangu msimu uliopita. "It's alright, you weren't to know," akasema, kwamba si kosa letu, na macho yake yakasema mengine. Mama Brian, mmoja wa wale watatu, akaninong'oneza, "Kwani hawa watu hu-weed nini sasa?"

Wenzangu hawakurudi. Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikapanda upya kwa mikono yangu, na sijakosa tangu hapo. Kipande chetu bado kina kipara. Kile cha jirani, ambacho hatukukigusa, kina maji na vyura, na ndege ambao Helen mwenyewe hakuwatarajia.

Halafu jana Wafula ananilalamikia kwenye simu: "Na tena, dada, pale chini kumekuwa na tope, trekta inaweza kukwama. Sijui maji yametoka wapi."

Mimi najua. Ulituambia mwenyewe kwamba ukiwa mdogo mlichota maji pale, chini ya mikuyu, kabla babu hajaikata na wewe hujalima mpaka ukingoni. Ulisema chemchemi ilikauka. Hukusema kwa nini, nasi hatukukuuliza; sasa, mwaka mmoja bila jembe, imerudi.

Naogopa, Baba. Wageni watasimama kaburini pako, watatazama kule chini, na jina litakalotajwa ni lako. Uliishi maisha yako yote bila mtu kukunyooshea kidole kwa ajili ya shamba. Tangu Northfield nimeandika "lima" mara mbili kwenye simu, nikafuta mara mbili.

Sasa hivi nimemtumia Wafula ujumbe kwamba trekta isije. Kituo changu ndicho hiki.

Pumzika, Baba yangu. Ijumaa nitakuwa nyumbani. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, isibaki hata sangari moja. Kisha nitawateremsha wageni wote mpaka kwenye lile tope, na viatu vyao vya sherehe, niwaambie uchafu huu si wa mzee, ni wa binti yake Nekesa. Wakisema, waniseme mimi.