Mwisho wa Hadithi ya Kumi na Mbili

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo limekuwa likinisumbua tangu enzi zetu za kulala sakafuni madarasani tukikusanya hadithi. Miaka tisa hatujaandikiana, na leo nakuja na shida. Usikunje uso kwanza, soma.

Kitabu cha hadithi za Bibi, yule msimulizi wetu wa kijijini, kinakwenda kwa mchapishaji mwisho wa Mei. Kitakuwa kitabu cha kwanza watoto wa kijijini kwake kusoma kwa lugha yao wenyewe. Sasa hadithi ya kumi na mbili, ya binti aliyeposwa na Mvua, haina mwisho! Daftari langu linaishia pale anapofungua mlango amjibu. Niliwasomea watoto wa darasa la pili, wakanizomea. Nikamwendea Bibi anisimulie tena. Akasema, "Niliwasimulia wawili. Yule mwenzako wa kuchekacheka yuko wapi?" Basi, mwisho akaninyima.

Ukanda tulionasia sauti yake unao wewe. Nakuomba, jamani.

Dada yako

21 Februari

Dada,

Shikamoo, na pole na goti. Sisi salama. Wifi yako anakusalimu, alipoiona bahasha alisema, "Kumbe bado yupo!"

Ukanda ninao, nimeutunza ndani ya soksi. Ila sijausikia hata siku moja, kwa sababu mashine ya kunasia sauti uliondoka nayo wewe siku ile tulipogombania jina la nani litangulie kwenye makala. Mimi ukanda, wewe mashine, miaka tisa. Wasomi wazima na akili zetu! Haya, nimeuweka humu ndani. Uurudishe.

Mdogo wako (bado nimenuna kidogo)

14 Machi

Mdogo wangu mnunaji,

Salamu kwako na kwa wifi. Umekaa? Kaa.

Nimesikiliza. Bibi anafika pale, "Binti akafungua mlango, akamwambia Mvua..." na hapo hapo inaingia sauti yako: "Sogeza kinasa huku." Mimi: "Usinishike mkono." Wewe: "Kila siku unajiona mkubwa." Tunafokeana mpaka ukanda unakwisha! Na kwa mbali, nyuma ya kelele zetu, Bibi anaendelea kusimulia taratibu mpaka mwisho, wala neno lake hata moja halieleweki. Halafu kwenye lebo umeandika "Imekamilika," na mimi nimeweka sahihi chini yake.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona haya. Nisamehe, mdogo wangu. Makala ile uliiandika wewe, na jina lako ndilo lililostahili kutangulia. Nilijua hata siku ile.

Njoo twende kwa Bibi wote wawili.

Dada yako

19 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Mwezi mzima kimya. Mchapishaji anasema bila mwisho ataiondoa hadithi. Kama nimekuudhi tena, niambie nijue moja.

Dada yako

4 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nasema sisi kwa sababu niko kwa Bibi, naandikia kwenye meza yake ya jikoni, na barua yako ya Aprili wifi yako amenisomea kwenye simu.

Hukuniudhi. Barua yako ya Machi ilinitoa machozi, nikaona aibu kukujibu mikono mitupu. Nikasema niwahi peke yangu, nichukue mwisho nikutumie, nionekane shujaa. Bibi alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na yule dada yako wa kufoka yuko wapi?" Siku ya nne leo napaka rangi mlango wake, na mwisho sijapewa. Kila nikiuliza, ananionyesha sehemu niliyoiruka.

Njoo Jumamosi, na mashine. Mchapishaji nimempigia, atasubiri. Bibi ameshapanga: wewe utakaa kulia, mimi kushoto, na kinasa atakipakata mwenyewe.

Na pale kwenye jalada, jina la kwanza liwe lake. Sisi tufuate nyuma. Tangulia wewe, dada, mimi sinuni tena.

Mdogo wako