Dokumenti Saba za Charlotte

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, mashariki mwa Fort Worth, Texas
Tarehe: Jumatatu, 13 Mei 2019, saa nne asubuhi
Jina: Elia Wilondja
Umri: Miaka 46
Kazi: Kupakia na kupakua mizigo, ghala la nyama iliyogandishwa
Makazi: Fort Worth. Mzaliwa wa Fizi, Kongo
Elimu: Darasa la sita
Mkalimani: Bi Joyceline Mushi

Mimi Elia Wilondja ninaandika maelezo haya kwa mkono wangu, kwa Kiswahili. Siku ya Ijumaa nilieleza kwa mdomo, kwa Kiingereza changu, nikaona ninasema kidogo na afisa anaandika sana, nikaogopa. Leo nimeomba kuandika upya mbele ya mkalimani. Nimeambiwa nieleze niliyoyaona kati ya Polycarpe Asukulu na mlinzi wa shule, nisiongeze wala nisipunguze. Nitaanza nyuma kidogo, kwa sababu nikianzia mlangoni hamtaelewa tulifuata nini pale. Mimi mwenyewe bado sielewi vizuri.

Polycarpe ni jirani yangu, na ghala tunalofanyia kazi ni moja. Tulikuwa naye kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na wote tuliletwa hapa mwaka 2014. Gari ni langu, kwa hiyo asubuhi huondoka pamoja. Ana binti, Charlotte, miaka kumi na saba, yuko darasa la kumi na moja.

Mnamo Jumatano tarehe 8 Mei, kama saa kumi na moja jioni, tulirudi kazini nikaingia kwa Polycarpe kunywa chai. Sebuleni tulimkuta Charlotte na mwenzake Cherotich, binti wa muuguzi Mkenya, wamekaa chini na karatasi zimetapakaa mpaka mlangoni. Tulivua viatu tukapita pembeni. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa historia ya Marekani, ule mgumu ambao mtoto akiufaulu, chuo kikuu kinamsamehe somo. Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua. Polycarpe naye anasoma historia hiyo hiyo, lakini yake ni yale maswali mia moja ya uraia, anayakariri akiwa kwenye gari langu mpaka na mimi nimeyashika.

Charlotte akisemeshwa na baba yake hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote ila hakimtoki. Walikuwa wanaulizana wao kwa wao, na kila baada ya maneno machache nilisikia "dokumenti". Dokumenti ya kwanza. Dokumenti ya nne. Nani ameiandika, alimwandikia nani, mwaka gani, alikuwa anataka nini. Polycarpe aliweka kikombe chini.

Akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Charlotte, banakuomba dokumenti za nini?"

Charlotte akajibu bila kuinua kichwa kwamba ziko saba, na asipozitumia anafeli.

Cherotich ana Kiswahili, amefika huku akiwa mkubwa. Yeye akacheka, akasema, "Uncle, hao watu hawakuamini hivi hivi. Unaeza andika maneno matamu, lakini bila dokumenti wanaona ni story za jaba. Sita zinatosha, lakini saba ni poa zaidi."

Sikulijua hilo neno jaba, lakini mengine yote niliyaelewa. Hapo ndipo tulipopotea. Nisingeelewa ningeuliza. Miaka kumi na minne kambini maswali yalikuwa hayo hayo: nani amekupa karatasi hii, mwaka gani, kwa nini muhuri uko upande huu. Mtu asiye na karatasi maneno yake yalikuwa hewa. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba mtoto wa mkimbizi hawezi kufanya mtihani wa historia ya Marekani bila dokumenti saba, hakuna aliyeshangaa. Nilijiambia, basi na hapa ni vile vile.

Polycarpe hakumuuliza tena binti yake. Aliniambia kwenye ngazi, "Asione kama baba yake hana."

Mnamo Alhamisi jioni alikuja kwangu na bahasha ya kaki. Ndani aliweka kadi ya ukaazi ya Charlotte, karatasi ya kuingilia nchini, kadi ya hifadhi ya jamii, cheti cha chanjo, cheti cha ubatizo na barua ya shirika lililotupokea. Ya saba hakuwa nayo. Akatia kadi ya mgao wa chakula ya Nyarugusu.

Nikamwambia, "Hiyo ni ya unga, Polycarpe."

Akasema, "Iko na jina yake. Iko na muhuri. Banataka nini tena?"

Akaifunga bahasha. Alirudi kwake akaiweka juu ya begi la binti yake.

Mnamo Ijumaa tarehe 10 Mei, saa moja asubuhi, nilipiga honi kama kawaida. Polycarpe alitoka mbio, ameshika bahasha. Charlotte alikuwa ameshaondoka na mama wa Cherotich, ameitoa bahasha juu ya begi na kuiacha mezani. Simu yake ilikuwa imezimwa. Polycarpe alisema, "Elia, mtoto ameenda mikono mitupu." Nilimkumbusha kwamba tukichelewa kazini tutaandikwa wote wawili. Akasema ni kweli, kisha akafunga mkanda, bahasha ameikumbatia. Nikaendesha kuelekea shuleni.

Tulifika kabla ya saa mbili kidogo. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wazi na mlinzi amesimama hapo, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe. Sina neno baya juu yake. Alitusalimia yeye kwanza. Polycarpe alimpa mkono, na mkono wake wa kushoto akaugusisha kwenye kiwiko cha kulia, kama tunavyomsalimia mtu tunayemheshimu. Mlinzi akampa wake. Mimi nilikuwa nyuma yao, hatua mbili au tatu, mikono mitupu. Bahasha ilikuwa kwapani kwa Polycarpe.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Ijumaa sikuulizwa. Kwetu ukiwa na shida na mtu, mkono wake huuachii. Unamweleza shida yako ukiwa umeushika, na ukiuachia kabla hajakujibu ni kama umemwambia, nenda, sina haja na wewe. Polycarpe aliushika mkono wa yule mzee na kumweleza, "My daughter, exam, document, please, chef." Alirudia hivyo; "chef" kwetu ni mkubwa. Mlinzi alisema maneno mengi ambayo sikuyapata, nilipata kwamba mtihani unaanza na hakuna mtu kuingia. Akatazama mkono wake. Kisha akasema maneno mawili.

Nimeulizwa alisema nini. Binti ameshanifundisha kwamba alisema "let go", yaani niachie. Siku ile mimi nilisikia "let's go", yaani twende. Polycarpe naye alisikia twende. Najua kwa sababu niliuona mgongo wake ukilegea, akasema, "Okay, chef! Merci!" na akaanza kutembea kuingia ndani, amemshika mlinzi mkono kama mtu anayepelekwa na mwenyeji wake. Bahasha ilimchomoka kwapani. Nami niliiokota nikawafuata. Ninaandika hili ijapokuwa linanitia na mimi hatiani: nilimshukuru Mungu, nikawafuata.

Mlinzi aliyasema tena, kwa sauti kubwa. Polycarpe akaongeza mwendo. Tulidhani mzee anatuhimiza tuwahi.

Ndipo mlinzi alipojivuta nyuma kwa nguvu. Mkono ulichomoka, akayumba, bega lake likagonga ukingo wa mlango akakaa chini. Polycarpe alimwinamia, akamshika kwapani amnyanyue, anasema kama kwa baba yake, "Pole, papa, pole, pardon." Mlinzi wa pili alipotokea kwenye korido alichokiona ni hicho, mtu mgeni amemwinamia mwenzake. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeona vile vile. Polisi walifika muda si mrefu, wakamfunga Polycarpe pingu. Yeye alikuwa bado ananiambia kwa Kiswahili, "Peleka bahasha, Elia, peleka!" Sikuipeleka. Afisa aliichukua, na naomba irudishwe, kwa sababu kadi ya ukaazi ya mtoto imo humo.

Charlotte alikuwa ndani anaandika. Hakujua lolote mpaka alipotoka.

Jumamosi alinieleza dokumenti ni nini. Nilimfanya arudie, akajitahidi kwa Kiswahili mpaka jasho likamtoka. Alisema ni barua na hotuba na picha za watu waliokufa zamani, zimechapwa ndani ya mtihani wenyewe. Kuna maswali mafupi, kuna insha ndefu, na kuna hilo la dokumenti saba, ambapo lazima aseme kila mtu aliyeandika alikuwa nani na kwa nini alisema alivyosema. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hawakutaka kujua wewe ni nani?" Akasema, "No, Uncle. They don't even see my name," yaani hata jina lake hawalioni. Halafu akaanza kulia, akasema aliiona ile bahasha mezani, akadhani ni vitu vya baba vya uraia.

Nilikaa nikafikiri jambo hilo siku nzima ya Jumapili. Watu wamekufa miaka mia na hamsini, na watoto wanapewa saa nzima kujiuliza mtu huyu alimaanisha nini, alikuwa anaogopa nini, alikuwa anaongea na nani. Polycarpe yuko hai, na ameulizwa maswali ya kujibu ndiyo na hapana.

Hayo maswali mimi pia nimeulizwa, na nimeapa. Je, Polycarpe alimshika mlinzi? Ndiyo. Je, alimvuta? Ndiyo, alimvuta. Je, aliambiwa amwachie? Ndiyo, mara mbili. Je, alimwachia? Hapana.

Njiani kuja hapa kuna mtu wa kanisani aliyenishauri niseme nilikuwa garini. Sikuwa garini. Majibu yangu yote manne ni kweli, na ukiyasoma hivyo yalivyo, rafiki yangu ni mhalifu. Sijui mtu afanye nini na ukweli wa namna hiyo. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikitafuta lipi kati ya hayo manne nimelikosea, na sijalipata.

Polycarpe ana miadi ya usaili wa uraia kule Irving tarehe 6 Juni. Wakili wa shirika amesema kesi ya kumshambulia mtu ikifunguliwa, miadi hiyo haina maana, na huenda hata kadi aliyo nayo ikaguswa. Mke wake ameacha kulala. Ndiyo sababu nimeacha tena zamu yangu leo. Siombi aonewe huruma. Ninaomba iandikwe kwamba hakukataa alichoambiwa. Alitii. Alitii neno ambalo halikusemwa.

Afisa ameniuliza kama leo ninaweza kuyatofautisha maneno yale mawili. Nikiyasema mimi mwenyewe polepole, ninaweza. Charlotte amenifanyisha mazoezi. Nikiyasikia kwa Mmarekani anayeongea haraka, sijui. Siwezi kuapa juu ya masikio yangu.

Niliyokuwa nayo juu ya asubuhi ile nimeyamaliza. Nimesomewa tena na mkalimani, sikubadili kitu.

(Sahihi) Elia Wilondja

Dokezo la afisa, kama lilivyotafsiriwa na mkalimani:

Shahidi ameandika mwenyewe, kwa hiari, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Anaonekana mchovu lakini mwenye akili timamu. Mlinzi aliyeumia amehojiwa upya leo asubuhi. Amekubali kwamba mtuhumiwa alimshukuru kabla ya kuanza kutembea, na kwamba jambo hilo lilimshangaza. Bahasha yenye karatasi saba imerudishwa kwa mama wa Charlotte.

Shahidi alipokwisha kutia sahihi nilimpa mgongo nikawa natafuta faili kabatini, na bila kumtahadharisha nikayasema maneno yale mawili, "let go", kwa sauti yangu ya kawaida. Nilipogeuka alikuwa amesimama, amevaa kofia, amemshukuru mkalimani, na amenishikia mlango nipite.