Mpiga Ngoma Nyuma ya Mfalme

Busia, Jumapili, 1964

Sijawahi kumwona mama mkwe akifurahi vile. Baada ya misa padri aliniazima kitabu kikuukuu, maisha ya mfalme wa zamani wa Buganda, chenye picha nyingi. Yeye hasomi, basi nikawa nikimfunulia kurasa. Ghafla akanishika mkono.

“Ngoja, mwanangu! Huyu mwenye ngoma ni baba yangu!”

Miaka yote ametuambia baba yake alimpigia mfalme ngoma, nasi tukamcheka kichinichini. Kumbe jina lake limeandikwa pale chini ya picha! Nilipolisoma, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Padri atakitaka kitabu chake, na sijui nitamnyang'anyaje.

Nimemwomba msamaha kwa kile kicheko. Akasema, “Wacha hayo. Nisomee tena jina lake.”